Rangi Mbili Ndani ya Jabia

Mke wangu, Mama Mwanaidi,

Nakuandikia kwa mkono ule ule ulioucheka kwenye kambi ya wakimbizi Mombasa, ukisema herufi zangu zinatembea kama kaa. Bado zinatembea upande. Makosa utakayoyaona ni yangu, yaliyo sawa ni yako, maana mimi chuoni nilitoka na Kurani, hizi herufi za Kizungu nilizipata kwako nikiwa na mvi tayari. Uliniandikia jina langu mchangani nje ya hema, nikalinakili mara moja tu nikaliweza. Mara moja! Walikuwako wanaume wazima waliohangaika nalo wiki nzima. Wewe ukainama ukalitazama, ukasema, "Hiyo ni O, Baba Mwanaidi. Wewe umeandika yai." Nikakwambia yai langu limenyooka kuliko O ya mwalimu.

Barua hii ni yako lakini haitafungwa. Kesho baada ya alasiri binti yetu Mwanaidi ataisoma mbele ya jabia letu la maji ya mvua, watu wote wa Fuma wakisikia. Mimi mwenyewe sitasema neno, maana unaujua mdomo wangu. Nikisimama mbele ya watu na aibu moja, nitaketi nikiwa na sifa kumi. Kalamu yangu ni nzito, haiziwezi mbio hizo.

Jambo lenyewe ni la maji ya jabia, na la Famau jirani yetu, ambaye leo ni siku ya tisa watu wanamzuia kuteka maji kwa kosa ambalo si lake. Ni langu. Nitafika hapo. Niache kwanza nikae nawe kidogo.

Unakumbuka tuliporudi kutoka Mombasa? Nyumba haina paa, jabia limepasuka sakafu, mbuzi wamelifanya zizi. Ukasimama ukingoni, ukashika kiuno, ukasema, "Haya, fundi. Mvua i njiani." Wenzangu wawili mafundi wa mashua walikuja wakatikisa vichwa, wakasema jabia hilo lizikwe, lichimbwe jingine. Nikawaambia mashua huzuia maji yasiingie, jabia huzuia yasitoke, ni kazi moja imegeuzwa. Nikaziba kila ufa kwa mkono wangu. Mpaka leo halivuji tone, na watu wakilitaja husema jabia la Fundi Omari. Nami huwaacha waseme. Lakini chokaa uliichoma wewe, ukaibeba wewe, ukaikanda mpaka ikala ngozi ya vidole, ukawa unakula mkate wa mufa kwa ncha za kucha. Hilo sijapata kulisema mbele ya mtu. Kesho litasikika.

Na mvua ya kwanza ilipoingia, tukasubiri maji yatulie siku tatu, ukateka kikombe, ukanywa, ukafumba macho. Nikakuuliza, "Vipi?" Ukasema, "Ngoja." Ukanywa tena. "Vipi, mwanamke?" "Ngoja, nasema." Ukamaliza kikombe kizima mbele yangu, mimi nina kiu, ndipo ukasema, "Yanafaa." Yanafaa! Hivyo ndivyo ulivyokuwa ukinisifu.

Masika ya pili watoto wa kijiji wakaanza kuhara. Mimi nikakumbuka kambini. Pale kambini kipindupindu kilipotutisha alikuja bwana afya na ndoo yake, akamimina dawa ndani ya tangi la maji, maradhi yakakoma. Niliona kwa macho yangu mawili. Nikajiambia, kumbe dawa haingoji mtu augue, hutiwa majini ikaenda kuyapokea maradhi njiani. Nani mwingine hapa Fuma aliyewaza hivyo? Hakuna. Ila dawa ya yule bwana ilikuwa ya kusafishia maji, nami sikumuuliza jina lake, kwa sababu mimi siulizi. Dawa niliyoijua mimi ni moja tu, vile vidonge vya rangi mbili, vyekundu huku na vyeusi huku, vinavyokuja na mashua kutoka Kiunga kupitia Ras Kamboni, ambavyo sote tulivimeza kwa jino, kwa kidonda, kwa homa na kwa huzuni. Nikavifungua kimoja kimoja, nikamwaga unga wote jabiani, nikakoroga kwa upondo.

Watoto wakapona. Mwanaidi ananiambia sasa kwamba wangepona vile vile, kuhara kwingi huja kukaondoka kwenyewe. Lakini siku zile nani angeniambia? Wanawake wakija na ndoo zao wakaanza kuniita Daktari wa Jabia. Nililipenda jina hilo, nisiseme uongo. Nililipenda kuliko Fundi, maana mafundi tulikuwa watatu, daktari nilikuwa peke yangu.

Wewe ndiye uliyeokota maganda kwenye ufagio. Ukayaweka kiganjani, mekundu na meusi, ukaja nayo hadi pale nilipokuwa nikichonga.

"Nini hivi?"

"Dawa."

"Nani mgonjwa?"

"Hakuna. Ndiyo sababu."

Ukanitazama kama mtu anayetazama mashua iliyochongwa bila mkuku. Kisha ukasema neno ambalo mpaka leo nalisikia kwa sauti yako na lafudhi yako, "Dawa ya mchu mgonjwa ukimnywesha mchu mzima, siku akiugua utamnywesha nini?" Nikakasirika. Mwanamume asiye na jibu hupandisha sauti. Siku mbili ukaniwekea chakula bila kusema karibu. Siku ya tatu ukaniuliza mlangoni, "Umeacha?" Nikasema nimeacha. "Wallahi?" "Wallahi." Ukanikaribisha chakula.

Sikuwa nimeacha, Mama Mwanaidi. Kila masika, kila vuli, nilipoingia kusafisha jabia niliingia na vidonge kiunoni, ndani ya kifundo cha kikoi. Maganda nikawa nayatupa baharini ili usiyaone. Mwaka mmoja nikisahau, mwaka wa pili nikatia mara mbili. Nilikuwa nikisikia wanawake wakisema, "Maji ya hapa hayaugui," nami nikakaa kimya nikijiona mwenye siri kubwa. Nimefanya hivyo mpaka mwaka huu, kabla Mwanaidi hajafika.

Sasa nikukumbushe neno sugu, ambalo lilikuwa jina langu kwako. Viganja vyangu sugu kwa tezo ya kuchongea mashua, paji langu sugu kwa kusujudu, na kichwa changu, ulisema, sugu ndani na nje. Ulikuwa ukiniita ukingoni mwa jabia, "Sugu! Chakula kinapoa!" mpaka watoto wa jirani wakadhani ndilo nililopewa na baba yangu. Ulipokanyaga chaza kule mikokoni ukapasuka unyayo, nilikupa rangi mbili. Asubuhi mbili, jioni mbili. Nikakupa na unga wake juu ya kidonda. Mguu ukazidi kujaa. Tukakupeleka Kismayo, daktari akabadilisha dawa mara moja, akabadilisha mara ya pili, akaniambia kwa Kisomali kwamba vidudu vya kidonda hiki vimeizoea dawa. Mwanaidi akiwa kwenye simu kutoka Ulaya ndiye aliyetufasiria vizuri. "Ni vidudu sugu, Mama." Nawe uliyekuwa huwezi kuinua shingo ukageuza macho kunitazama. "Umesikia, Baba Mwanaidi? Vimekufanana." Ukacheka mpaka nesi akageuka.

Huu ni mwaka wa sita tangu tukuzike, sijasikia kicheko kile. Mufa wa mkono mwingine nimekula, sikatai, wajukuu wa dada yangu wananiletea. Lakini hakuna anayenijibu nikijisifu. Wananiacha niseme mpaka mwisho. Hujui jinsi inavyochosha kujisifu kwa watu wanaokubali.

Mwezi uliopita binti yako akarudi. Utamjua kwa mwendo, ni wako ule, bega la kushoto mbele. Amekuja na wenzake wawili na kifaa wanachokitengeneza huko Ulaya, bado hakijakamilika, wanakijaribu kwenye maji ya aina mbalimbali. Ni kopo la urefu wa mkono, lina waya na kijitundu kimoja chini anachokiita pua. Linakaa majini mchana kutwa na usiku kucha likinusa. Nikamuuliza linanusa nini. Akanishika kiganja, akabonyeza sugu zangu moja moja kwa kidole gumba.

"Hii ilikujaje, Baba?"

"Kwa tezo. Miaka hamsini."

"Ungepigwa tezo mara moja kwa nguvu?"

"Ningekatika mkono."

"Lakini kidogo kidogo kila siku ngozi ikajifunza. Na kidudu ni hivyo hivyo. Dawa nyingi kwa siku zake zote humuua. Dawa kidogo kidogo humfundisha. Akishajifunza huwa na alama yake ndani, na alama hiyo humpa hata kidudu mwenzake. Kopo hili linatafuta alama, ili tujue usugu uko kwenye maji gani kabla mtu hajaugua."

Nilielewa saa ile ile. Watu wazima wenye vyeti, aliniambia, huchukua muda. Nikaelewa mpaka kule nisikotaka kufika, nikaondoa mkono wangu.

Kwanza nikakataa lisitiwe kwenye jabia langu. Nikasema maji yangu hayapimwi, watie kwenye kisima cha msikiti na kwenye ule mfereji wa ufukweni. Walikuwa na makopo matatu, wakatia huko kote, na la jabia Mwanaidi akalitia mwenyewe nikiwa nimelala mchana. Una habari kwamba anafanana nawe. Siku ya nne makopo yote yakaingia maji, lile la ufukweni chumvi ikala waya. Wenzake wakakaa wameshika mashavu. Hapo nikaona siwezi kuwatazama wageni wakidhalilika mbele yangu mimi fundi. Nikachukua pamba na sifa, yale mafuta ya papa ya kupakia mashua, nikayakalafati makopo yote matatu kama ninavyokalafati mashua, mshono kwa mshono, nikayapaka mafuta hayo juu mpaka chini. Hayakuingia tone! Mwanaidi akaja akaangalia, akashika kichwa.

"Baba! Umepaka na pua?"

"Nimepaka yote. Mimi sifanyi kazi nusu."

"Sasa litanusa nini? Litanusa papa!"

Tulicheka wote, na wenzake wakacheka, na kweli siku mbili kopo halikusema lolote ila papa. Wakaosha pua kwa dawa yao, nami nikawachongea nyumba za mbao za mti uitwao mwanga zinazoelea, kopo ndani, pua peke yake nje, pamba kavu kwenye mshono bila mafuta. Zimekaa. Mwanaidi ameziandika kwenye karatasi zake, na michoro, na jina la fundi aliyezichonga. Hilo liandikwe pia kwenye barua hii. Najua unatikisa kichwa.

Basi makopo yakafanya kazi. Wakateka na chupa za maji kila siku, zikapelekwa maabara Mombasa ili kuhakikisha, maana kopo bado linajifunza na chupa ndizo mwalimu wake. Majibu yakarudi, kopo na chupa zinasema kitu kimoja. Kisima cha msikiti kina alama chache. Ufukweni zipo, si ajabu, vyoo vinashuka huko. Jabia la Fundi Omari linapiga kelele kuliko yote. Alama nyingi, na nyingi zaidi ni za kuizoea dawa ya jamii ya rangi mbili.

Mwanaidi akakusanya watu barazani, akauliza kwa upole nani anatia nini karibu na jabia. Watu wakatazamana. Famau anafuga kuku nyuma ya ukuta wa jabia, na huwatilia dawa kwenye maji ya kunywa wasife na kideri. Kila mtu anajua. Na mimi, mke wangu, mimi niliyeapa kwako mlangoni, nikasema kwa sauti, "Kuku wa Famau." Nikasema tena, "Nimesema miaka mingi kuku wale wahamishwe." Sikuwahi kusema hata siku moja.

Mwanaidi akajaribu kuwaambia watu wangoje, kwamba kuku wanaweza kuwa sehemu tu ya jambo au wasiwe chochote. Nani humngoja mtu akishapata wa kumlaumu? Jioni hiyo hiyo kuku wakachinjwa wote, wale wa mayai na wale waliokuwa wameatamia. Famau akaambiwa asiteke tena. Mwanakheri mkewe, yule uliyekuwa ukisuka naye ukili wa mikeka, anakwenda kisima cha mbali chenye maji ya chumvi na magoti yake yale. Anapita mbele ya mlango wangu na ndoo. Ananiamkia, "Shikamoo, Baba Mwanaidi." Kila siku ananiamkia.

Siku ya saba nikaenda kwa Famau. Nilimkuta anang'oa mabanda ya kuku. Nikamweleza yote, rangi mbili, kikoi, miaka. Akaendelea kung'oa misumari mpaka nikamaliza.

"Umemaliza, daktari?"

"Nimemaliza."

"Na kuku wangu utawafufua? Maana kwa daktari wa jabia hilo ni dogo."

"Nitakuletea wengine."

"Sitaki kuku wako, Omari. Watakuwa na majivuno, hawatataga." Akapiga msumari nyundo, ingawa alikuwa anaung'oa. "Mimi umenitaja barazani mbele ya watu. Leo unakuja kunitakasa nyuma ya nyumba, tuko wawili na mabanda matupu. Nenda kaseme pale pale uliposema."

Nikamwambia kwamba mbele ya watu mdomo wangu hunigeuka. Akasema, "Basi mtume mwanao aseme. Au andika. Si unasema unajua kuandika?"

Nikamwendea Mwanaidi. Nilidhani atalia au atanifokea, nilijiandaa kwa yote mawili. Akachukua karatasi. "Miaka mingapi, Baba? Vidonge vingapi kila mara? Maji yalikuwa kimo gani?" Nikajibu nilichokumbuka. Akaandika, akaandika, akasema habari hizi zitasaidia kifaa, kwa sababu sasa wanajua kelele ya jabia imetoka wapi, wasije wakadhani kila jabia lina kuku au kila kuku ana hatia. Akasema pia hakuna awezaye kuthibitisha kwamba maji haya ndiyo yaliyokizoesha kidonda chako dawa, kwamba vidudu sugu viko Kismayo, Mombasa, Ulaya, kila mahali. Alisema hivyo kwa ajili yangu, nilimwona. Kisha akaweka kalamu chini.

"Mama alijua?"

Mke wangu, nimeulizwa maswali na wanajeshi, na polisi wa kambi, na maafisa wa mipaka wenye mihuri. Hakuna lililonishinda.

"Mama yako alijua nimeacha," nikamwambia.

Hapo ndipo alipolia. Mimi nikatoka nje nikaangalia nyumba zangu za mbao zikielea, nikaona zimechongwa vizuri mno, na sikupata raha yoyote.

Kwa hiyo nasema, na watu wa Fuma wasikie. Aliyetia dawa jabiani ni mimi, Omari, kwa miaka mingi, peke yangu, kwa siri. Famau hakutia. Kuku wake walichinjwa kwa ulimi wangu. Mama Mwanaidi alinikataza siku ya kwanza kabisa, kwa maneno ambayo binti yake alisoma miaka mingi Ulaya ndipo akafika yalipo, nami nilimwapia uongo kwa jina la Mungu. Mwenye rangi mbili nyumbani asimeze nusu akaweka nusu, wala asimpe mzima, wala asitie kwenye kitu chochote. Amuulize Mwanaidi akiwa hapa, na akiondoka aulize kituo cha afya. Kuuliza hakuui. Mimi ningeuliza, ningejua.

Jabia litakaushwa keshokutwa. Nitashuka mwenyewe na brashi na chokaa, na maji yajayo yatatiwa ile dawa ya kusafishia maji, ambayo jina lake sasa nimeliuliza, ni klorini, kwa kipimo atakachoandika Mwanaidi. Mpaka hapo sote tutateka kisima cha mbali. Ndoo ya Mwanakheri nitaibeba mimi. Akikataa nitaibeba hivyo hivyo.

Mke wangu, sikuombi unisamehe katika barua, maana ukinisamehe nitakwenda kujisifu kwamba umenisamehe. Nakutaka radhi tu, kama ambavyo ningekutaka mlangoni siku ile, lau ungeniuliza tena mara ya tatu. Mungu akulaze pema, akupe maji yasiyopimwa.

Mwanaidi akiisoma hii nitakaa mbele, si nyuma ya mtu, uso wangu kwenye jua, ili kila atakayeinua macho kumtafuta Famau anione mimi.

Wako aliyekuapia uongo na akakupenda kweli,

Mumeo, Baba Mwanaidi
Fuma